Jibu: Masta ya masoko ya kimataifa huku nimeajiriwa, nitaweza?

Salaam mkuu. Umeuliza kama utaweza masta ya masoko ya kimataifa ya chuo cha Uingereza, kwa mtandao, huku kazini Dar unatoka saa kumi na moja jioni. Inawezekana, mimi nilimaliza kwa miaka miwili na nusu.

Kabla hujalipa hata shilingi, waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kuhusu utambuzi wa chuo na kozi yenyewe. Kisha omba ratiba. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni London kwetu ni saa tatu usiku wakati wao wako kwenye baridi, saa mbili usiku wakiwa kwenye kiangazi. Nilikuwa nafika Mbagala nimechakazwa na foleni, nasikiliza mhadhara macho yanafumba. Nilichosoma kikakaa kichwani ni cha saa kumi na nusu alfajiri, nyumba nzima imelala.

Pagumu ni kwenye tasnifu. Masta ya kule kwa kawaida ni krediti (vipimo vya ukubwa wa masomo) 180, na mara nyingi 60 ni tasnifu peke yake. Chagua mada ya kazini kwako. Mimi niliandika kuhusu vifungashio vya korosho tunazouza Ghuba. Ila ruhusa ya kutumia takwimu za kampuni ichukue kwa maandishi, tafadhali sana! Yangu ilikuwa ya mdomo. Bosi akahamishwa, aliyekuja akakataa, miezi miwili ikapotea.

Ada nililipa kwa awamu. Mkopo sijawahi kuomba, hapo wakujibu waliopitia.