Breki ya nyuma ya Honda ATC ya zamani: usinunue shuu kabla hujaikagua kemu

Mkuu, umeuliza kuhusu ile Honda ATC200E ya marehemu mzee wako, Big Red, ile pikipiki ya miguu mitatu yenye matairi ya puto, iliyoko Kimbiji. Ukikanyaga breki ya nyuma pedali inakwenda chini sana na mashine haisimami, ukiachia, magurudumu yanabaki mazito. Fundi kakwambia ni shuu zimekwisha, yaani vile vipande viwili vya upinde vinavyotanuka na kusugua dramu kwa ndani, umezunguka Kariakoo nzima na hujapata zinazolingana. Mimi ninazo mbili hapa Kigamboni, moja ni 200E kama yako na nyingine ni ATC110, zote breki zake za nyuma ni za dramu (ile ngoma inayozunguka pamoja na ekseli), na zote zinaishi karibu na bahari. Nakujibu kwa niliyoyaona kwenye hizo na kwenye chache za jirani nilizosaidia kufungua.

Dalili ulizotaja hazisemi shuu zimekwisha. Shuu zikiisha peke yake, pedali inashuka lakini ukiachia gurudumu linakuwa huru kabisa. Gurudumu likibaki zito baada ya kuachia, kuna kitu hakirudi, na kwenye mashine hizi kitu hicho mara nyingi sana ni kemu, kile kijiti kinachopita kwenye bamba la breki na kuzungushwa na mkono wa nje ili kuzitanua shuu. Bamba ni la aluminiamu, kemu ni ya chuma. Maji ya chumvi yakiingia katikati yao, kutu na ule unga mweupe vinajaa mpaka kemu inagoma. Unakanyaga kwa nguvu, nusu ya nguvu yako inaishia kwenye kutu. Ukiachia, springi za shuu hazina ubavu wa kuirudisha. Hata ukifunga shuu mpya kutoka kiwandani, utakuwa na breki ile ile mbovu.

Kabla hujafungua chochote fanya hivi. Toa waya kwenye mkono wa breki, kisha uzungushe huo mkono kwa vidole. Ukiwa mzito au ukikwama, umepata jibu. Ukizunguka na kurudi vizuri, basi shida iko kwenye waya, na ziko mbili: mmoja wa pedali, mwingine wa wenzo wa mkono wa kushoto ambao pia unafunga breki ukiegesha. Vuta kila mmoja peke yake usikie kama unateleza. Waya ulioshika kutu ndani ya ganda lake usipoteze muda kuumwagia oili. Tafuta mpya. Wa pikipiki unaweza kufaa kama urefu wa ganda ni ule ule na vichwa vya mwisho vinakaa sawasawa kwenye viti vyake. Kichwa cha kulehemu kwa risasi ya redio sikishauri kwenye breki hata kidogo.

Nasisitiza haya kwa sababu breki ya nyuma ya ATC haina msaidizi upande wa pili. Bajaji ina shuu kwenye kila gurudumu la nyuma. Hii ina ekseli moja ngumu isiyo na difu, magurudumu yote mawili yamefungwa humo, na dramu moja tu ndiyo inayoisimamisha ekseli nzima. Ikigoma, umebaki na breki ndogo ya mbele chini ya tairi la puto, na ukiibana hiyo peke yake kwenye mteremko huku umekata kona, unapinduka.

Sasa kuhusu spea kuwa adimu. Honda walianza kuuza mashine hizi Marekani mwaka 1970 kwa jina la US90, baadaye wakaziita ATC90, na Big Red ikaja mwaka 1982. Ajali zikawa nyingi, hasa kwa watoto, na mwishoni mwa mwaka 1987 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza za miguu mitatu huko. Kwa hiyo mashine yako ina takriban miaka 40, na hapa Dar sijaona duka linaloagiza spea zake. Lakini usikate tamaa, maana vipande vingi vinavyokufa ndani ya breki si vya Honda peke yake. Beringi, sili na oringi vinauzwa kwa vipimo, na vipimo hivyo vipo Kariakoo.

Kufungua. Pandisha mashine juu ya mawe imara, siyo jeki peke yake, toa gurudumu la upande wa breki. Utakutana na nati mbili kubwa nyembamba kwenye ekseli, zimekazana zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo mafundi wetu wanapoleta patasi na nyundo. Usiwaruhusu. Nati zikishachubuka kingo na nyuzi za ekseli zikaharibika, umeharibu kipande cha gharama kubwa kuliko breki yote. Pima upana wa nati kwa venia (kile kipimo cha chuma cha kubana), nenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mafundi chuma wakukatie spana mbili kwenye bamba nene na kuchomelea mpini mrefu. Moja inashika nati ya ndani, nyingine inafungua ya nje. Paka mafuta ya kulegeza kutu jioni, fungua kesho yake.

Ukitoa kifuniko na dramu utaona vumbi jeusi. Usilipulize kwa kompresa, na usiruhusu kijana yeyote alipulize. Lainingi (ile tabaka ya kusugulia iliyobandikwa juu ya shuu) za enzi zile huenda zina asbestosi, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa kwenye mfuko uliofungwa.

Sasa kemu. Kabla hujatoa mkono wa breki tazama alama: kuna nukta iliyogongwa kwenye kemu na nyingine kwenye mkono, na zinatakiwa kutazamana. Kama hazitazamani, mtu amewahi kusogeza mkono jino moja au mawili ili pedali irudi juu. Mchezo huo upo sana mtaani na ni wa hatari. Unaufanya mshale wa nje kwenye mkono, unaoonyesha kama shuu zimekwisha, udanganye, na unaiacha kemu izunguke kupita kiasi. Ikipita kiasi inaweza kusimama wima katikati ya shuu na isirudi, na ekseli nzima inajifunga ukiwa kwenye mwendo.

Kemu iliyogoma usiipige kwa nyundo ya chuma, wala usiichomee gesi. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya, kwa hiyo huwezi kuona kwamba umefika pabaya. Mimi nalaza bamba kwenye sufuria kuukuu, namwagia maji yanayochemka, nayaacha kidogo, natoa, naweka mafuta ya kulegeza, narudia. Kisha narudisha mkono kwenye kemu na kuuzungusha kidogo kidogo mbele na nyuma, bila haraka, mpaka kemu ilegee. Ikitoka, isafishe kwa msasa laini namba 400 au zaidi, na tundu lake pia, bila kulipanua. Rudishia na grisi ya joto kali, kidogo sana, ya kuzuia kutu tu. Ikizidi, joto litaipeleka kwenye lainingi. Kuna pete ya felti inayozuia vumbi kwenye kemu, ikiwa imeoza kata mpya kutoka kwenye felti nene na uiloweshe oili kabla ya kufunga.

Ukifika hapo ndipo uziangalie shuu. Vitabu vya Honda kwa mashine ndogo za aina hii vinataka lainingi isipungue milimita 2. Shuu moja kulika zaidi ya mwenzake ni kawaida, kwa sababu ile inayovutwa na mzunguko wa dramu inashika zaidi. Ila lainingi ikiwa imelika upande mmoja wa upana wake, nyembamba kwa nje na nene kwa ndani, hilo ni kosa la ekseli: beringi zimekufa na dramu inayumba. Shika gurudumu, litikise juu na chini. Likicheza, badilisha beringi kwanza. Namba imepigwa pembeni mwa beringi. Mfano 6205: tarakimu mbili za mwisho zidisha kwa 5, unapata tundu la milimita 25. Omba yenye herufi 2RS, maana imezibwa mpira pande zote mbili. Duka la beringi Kariakoo halina haja ya kujua mashine yako ni ya aina gani.

Sili ya dramu ndiyo ninayoihangaikia kuliko yote, kwa sababu ndiyo chanzo cha ugonjwa. Dramu hii ilitengenezwa iwe imezibwa ili mashine ipite kwenye tope na maji. Sili ikikakamaa, maji yanaingia na hayana njia ya kutoka, yanakaa humo wiki nzima yakila chuma. Sili ya mzunguko ina vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Vichukue kwa venia kama maandishi yamefutika. Ule mpira mkubwa wa kifuniko ni mgumu zaidi kuupata, huo uagize nje pamoja na shuu.

Shuu zenyewe, njia ni mbili. Zipo kampuni zinazoendelea kutengeneza, EBC ya Uingereza ni mojawapo, na wauzaji wa Marekani wanatuma. Njia ya pili ni kubandika lainingi mpya juu ya shuu zako za zamani kwa mafundi wa lainingi, na kwa shuu ndogo za aluminiamu nashauri ya gundi inayokaushwa kwa joto, siyo ya ribiti, maana kutoboa shuu nyembamba kunaidhoofisha. Mpelekee fundi na dramu yenyewe ili mkunjo wa lainingi ufuate mkunjo wa dramu. Shuu za pikipiki au bajaji zilizosagwa kwa grainda mpaka zikaingia nazikataa kabisa. Kipenyo kinaweza kukaribiana, lakini ncha inayokaa kwenye pini na ile inayosukumwa na kemu hazilingani, shuu inagusa kwa kidole tu na inaweza kuchomoka.

Dramu ikiwa na mabonde ya kutu, fundi wa lezi anaweza kuichonga, lakini soma kwanza kipenyo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Kwa dramu ndogo za Honda kwa kawaida ni milimita 1 tu zaidi ya ikiwa mpya. Ipime sehemu mbili zinazokatana, kama haziko sawa dramu imepoteza uduara. Kagua pia meno ya ndani yanayoshika ekseli. Yakiwa yamelika utasikia mgongano kila unapokanyaga. Atatokea mtu akushauri uchomelee dramu kwenye ekseli. Kataa, tafuta dramu iliyotumika.

Ukishafunga, rekebisha nati ya waya mpaka pedali iwe na uhuru wa milimita 15 hadi 20 kabla ya kuanza kushika. Kaza zile nati mbili za ekseli kwa nguvu halisi, ya ndani kwanza, kisha ya nje dhidi yake. Jaribu kwenye mchanga mgumu wakati maji yamekupwa, usiijaribu kwenye barabara ya lami. Endesha pole pole, kanyaga mara kadhaa, simama, sogeza mkono karibu na dramu. Uvuguvugu ni sawa, ikiwaka moto wakati hukuwa unakanyaga breki bado kuna kitu kinashika. Na siku uliyopita kwenye maji ya bahari, osha kwa maji baridi ya bomba, kisha endesha mita chache huku umekanyaga breki kidogo ili dramu ikauke. Usiegeshe usiku huo ukiwa umefunga breki ya mkono, lainingi yenye maji hung'ang'ania dramu.

Ukishafungua, weka hapa picha ya ncha za shuu, kipenyo cha dramu na upana wa lainingi. Za kwangu za 200E ninazo mezani, nitazilinganisha na zako kabla hujatuma pesa kwa muuzaji yeyote.