Kabla ya kukata tiketi ya Watamu, tazama mwezi

Dada, umeuliza kama Watamu, mji wa ufukweni karibu na Malindi, inafaa kwa siku tatu likizo hii ya Agosti, wewe na watoto wawili mkitoka Nairobi, maana jirani yako alienda akarudi akisema bahari yenyewe haikuwepo. Jirani hakukudanganya. Nami niliikosa hivyo hivyo safari yangu ya kwanza.

Tulifika siku ya mwezi mpevu. Kesho yake saa nne asubuhi watoto wameshavaa nguo za kuogelea, na mbele yetu ni mchanga, mawe ya matumbawe na mashua zilizolala ubavu. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa ametuhakikishia kwamba huko mtu huogelea saa yoyote. Kitinda mimba wangu alilia.

Mvuvi mmoja mzee ndiye aliyetufungua macho. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii hupwa katikati ya asubuhi, yakarudi kujaa kama saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali, na kujaa kwake huangukia asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo wewe mwenye watoto wa kuogelea, tafuta siku za mwezi nusu kwanza, ndipo ukate tiketi ya treni.

Mzee yule akatuambia tusikae kusononeka, twende Mida. Nakuomba usiikose. Ni hori kubwa la bahari lililozungukwa na mikoko, nyuma ya mji. Tulifika saa nane, tope bado liko wazi, limejaa kaa wadogo wenye gando moja kubwa kuliko mwili, wakilipunga. Kisha maji yakaanza kurudi. Hayakuja kwa mawimbi; yalipenya kimya kati ya mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyochomoza kama penseli, yakajaza shimo moja baada ya jingine, na kila shimo likatoa povu na mlio mdogo. Kaa wakazama ndani mmoja mmoja. Yule aliyelia asubuhi alichuchumaa pale karibu saa nzima bila kusema neno. Baadaye tukapanda mtumbwi, kijana akiusukuma kwa pondo, hakuna injini. Jioni tukala sambusa za kaa pale Dabaso, ukingoni mwa hori, jua likizama.

Njia ni rahisi. Treni mpaka Miritini, kituo chake cha Mombasa, kisha matatu ya Malindi; mkishavuka daraja la Kilifi mtaona msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kushoto. Shukeni Gede, mchukue tuktuk. Magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili, yako hapo hapo, UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Nendeni mchana jua likiwa kali, kwa sababu miti imeyafunika na kuna kivuli kizuri. Kima wa pale ni wezi wa ndizi, fungeni mikoba.

Agosti upepo wa kusi bado unavuma, kwa hivyo wabebee watoto sweta za kuvaa kwenye mashua. Na ukishapata tarehe, ziandike hapa nikuangalizie maji yanajaa saa ngapi.