Mbele ya mlango wangu nimepanda mstafeli

Wiki hii mmeuliza: mwenye kiwanja kidogo mbele ya nyumba apande mti gani? Mimi jibu langu ni mstafeli, na nimelifikia baada ya kuingia hasara ya mkungu.

Nyumba yetu iko Tanga. Kutoka barazani hadi getini ni hatua nane tu. Tulipohamia tulitaka kivuli cha haraka, tukapanda mkungu, na kivuli tukakipata kweli. Mwaka wa saba maji ya bafuni yakaanza kurudi. Fundi alifukua bomba, akavuta shungi la mizizi laini, refu kama mkia wa farasi, limejaza bomba lote. "Mama, huu umefuata maji," akaniambia, akinionyesha ilikopenya kwenye maungio. Ukuta wa uzio nao ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Tukaukata. Kuangusha mti mkubwa kati ya nyaya za umeme na bati la jirani kunataka mafundi na fedha ya kutosha.

Tangu hapo nikienda kitaluni nauliza kwanza: mti huu ukikomaa unatanuka kiasi gani? Mwarobaini, mwembe wa mbegu na mkrismasi naipenda sana, ila yote inataka uwanja.

Mstafeli ukiachwa hufika mita nane hivi. Wangu naupunguza usizidi mita tatu, na nimeupanda mbali na chemba. Hauvui majani yote kwa mpigo kama mkungu, kwa hiyo kufagia ni kidogo na kivuli kipo mwaka mzima.

Shida niliyokutana nayo ni matunda. Maua yalikuwa mengi, mastafeli machache tena yamepinda kama figo. Kumbe ndani ya ua moja sehemu ya kike hutangulia kuwa tayari, chavua hutoka baadaye, na wadudu wa kuichukua ni wachache. Sasa nina brashi ndogo ya rangi. Nakusanya chavua kwenye ua lililokwisha kufunguka, nalipaka lile linaloanza kufunguka, taratibu, kuzunguka sehemu yote ya kike iliyo katikati. Tunda linajaa kutoka kikonyo hadi ncha. Dakika tano za asubuhi, na mimi hizo nazipenda kuliko zote.

Angalieni pia vidungata, vile vidudu vyeupe kama pamba. Sisimizi wakipanda shinani kwa wingi, ujue vipo. Navisugua kwa maji ya sabuni. Mbegu zitoeni zote kabla ya kusaga juisi, maana zina sumu.

Na msingoje liivie mtini. Kijani kikififia na miba ikiachana, lichumeni, liwekeni ndani siku tatu nne hadi libonyee kwa kidole. Likiachwa, hudondoka na kupasuka sakafuni.

Msomaji, Tanga