Ukitafiti dini na ustawi wa jamii, anzia kwenye daftari la msiba

Tasnifu nyingi kuhusu mchango wa taasisi za dini katika ustawi wa jamii Tanzania zinafanana: dodoso kwa waumini, mahojiano na mashehe na wachungaji wachache, kisha hitimisho kwamba dini ina mchango mkubwa ila inakabiliwa na uhaba wa fedha. Hitimisho hilo lingeweza kuandikwa kabla mwandishi hajatoka maktaba. Kiongozi ukimuuliza kama wanawasaidia masikini atakujibu ndiyo, na hatakuwa anadanganya. Ila hujajua ni nani alisaidiwa, kwa kiasi gani, lini, na nani aligonga mlango akarudi mikono mitupu.

Ushauri wenyewe ni huu: fuata kilo na shilingi, toka mfukoni mwa mtoaji hadi kwenye sufuria ya mpokeaji. Na mahali zinapoandikwa kwa uaminifu kuliko popote ni kwenye daftari la msiba.

Msiba ukitokea mtaani, iwe Tanga, Morogoro au Dar es Salaam, turubai likishasimama huwekwa meza ndogo, kaunta buku na mtu mmoja anayeaminika. Kila anayetoa rambirambi huandikwa jina na kiasi. Familia hulitunza daftari hilo miaka na miaka, kwa sababu aliyekuja na elfu kumi kwako utatakiwa kumkumbuka siku ya kwake. Linasomwa na mtoaji na mpokeaji, kwa hiyo tarakimu ya uongo haidumu humo. Ripoti ya mwaka ya taasisi haina ulinzi wa namna hiyo. Mara nyingi msomaji wake mkubwa ni mfadhili.

Usiliombe siku ya mazishi. Subiri arobaini ipite, au kwa Wakristo ibada ya shukrani, ndipo uende ukiwa na mtu anayefahamika na familia. Omba ruhusa kwa mwenye msiba na pia kwa katibu wa kamati. Usipige picha kurasa zenye majina. Nakili kwa mkono au kwenye simu ukitumia namba za siri: M01, M02 na kuendelea. Safu zinazotosha ni tarehe, jinsia, uhusiano na marehemu (ndugu, jirani, mwenzake wa kazini, muumini mwenzake), fedha, vitu na kazi.

Hizo safu mbili za mwisho ndizo zinazoharibu utafiti zikiachwa. Daftari la mezani huandika fedha, na fedha mara nyingi hupitia kwa wanaume. Wanawake huja na mchele, unga, sukari, kuni, mkaa na ndoo za maji, wanashinda jikoni kwenye moshi, na hakuna anayeandika chochote. Ukichukua daftari peke yake utahitimisha kwamba wanaume ndio wanaobeba msiba. Kwa hiyo kaa na mama aliyesimamia jiko, ambaye huwa anakumbuka nani alileta nini hadi kibaba, ujaze safu ya vitu pamoja naye. Safu ya kazi andika kwa saa: waliochimba kaburi, waliopika, waliolala msibani, waliosafirisha. Usikimbilie kuzigeuza saa kuwa shilingi. Zionyeshe kama saa, msomaji ataelewa.

Kosa la pili ni kuhesabu mara mbili. Chama cha kufa na kuzikana chenye wanachama 40 wanaochanga 5,000 kila mmoja kinaleta 200,000. Wanachama haohao wanaweza kupita mezani tena mmojammoja na za kwao. Hizo ni fedha tofauti na zote zihesabiwe. Lakini ukienda baadaye nyumba kwa nyumba ukauliza "ulichangia kiasi gani?", mtu atakutajia jumla ya vyote viwili, na ukijumlisha dodoso na daftari 200,000 ile itaingia tena. Amua mapema chanzo kipi ni cha kujumlisha na kipi ni cha kuhakiki.

Vipimo navyo havifanani. Pishi, debe, sado na kopo hutofautiana soko hadi soko, na sado "iliyojazwa kichwa" ina uzito mwingine kabisa. Nenda na mizani, pima kila kipimo mara tatu sokoni, chukua wastani, na andika bei ya siku hiyo. Usitumie bei ya mjini kwa mchele uliotolewa kijijini.

Mkono wa kushoto

Kuna tatizo la msingi katika kumuuliza muumini alitoa sadaka kiasi gani. Mathayo 6:3 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Hadithi ya Mtume kuhusu watu saba watakaokuwa chini ya kivuli cha Mwenyezi Mungu inamtaja aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Basi dodoso lako linamtaka mcha Mungu afanye kile alichokatazwa. Anayejibu kwa kujiamini huenda ndiye asiyetoa, na anayetoa sana atasema "kidogo tu".

Njia inayofanya kazi vizuri zaidi ni bahasha. Mpe mhojiwa kadi isiyo na jina wala namba yake, ajaze mwenyewe kiasi, afunge, atumbukize kwenye sanduku lenye bahasha nyingine. Utapoteza uwezo wa kuunganisha kiasi na kaya fulani, lakini utapata jumla ya mtaa iliyo karibu zaidi na ukweli. Asiyejua kusoma awekewe kadi zenye picha za noti.

Maswali ya utoaji yaandike tofauti kwa kila dini. Kwa Mwislamu zaka ni asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambacho kwa dhahabu hukadiriwa gramu 85, na kukaa mwaka mzima wa Kiislamu. Zakatul fitri ni kitu kingine, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, hutolewa kabla ya swala ya Idi. Mkatoliki akisikia zaka anafikiria anachopeleka parokiani. Dodoso lenye swali moja la "zaka" kwa wote linazaa safu isiyosomeka, na hakuna programu ya takwimu itakayoiokoa.

Upande wa mpokeaji, usiulize "umewahi kusaidiwa na msikiti au kanisa?" Swali hilo linaaibisha. Uliza tukio: mara ya mwisho mtu wa nyumba hii alipolazwa, fedha zilitoka wapi, na zilikuja kwa mpangilio upi? Kisha taja vyanzo kimoja kimoja: akiba, ndugu, jirani, kikoba, jumuiya ndogo ndogo, msikiti, mchungaji, TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya masikini), bima, mkopo wa mtandaoni, kuuza kitu. Mpangilio ndio wenye habari. Msaada wa dini unaofika siku ya pili una kazi tofauti na ule unaofika baada ya mbuzi kuuzwa.

Kwa viongozi, acha mahojiano marefu kuhusu falsafa ya huduma. Waulize kuhusu mfuko: mara ya mwisho ulifunguliwa lini, nani aliidhinisha, kilitoka kiasi gani, na kati ya walioomba nani hakupata na kwa nini. Swali la waliokosa ndilo lenye mavuno makubwa, nalo huulizwa mara chache. Usiishie kwa paroko na imamu pia. Mhazini wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) katika parokia, au mwalimu wa kike wa madrasa, anajua nyumba zenye njaa kwa majina.

Kuhusu idadi na majira

Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu ile ya mwaka 1967. Ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa anasali wapi. Mwaka 2012 baadhi ya makundi ya Waislamu yaliwataka waumini wao waisusie sensa kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo asilimia za dini zinazozunguka mtandaoni ni makadirio, na ukiziweka kwenye sura ya kwanza mtahini makini atakusimamisha hapohapo. Sema tu kwamba hakuna takwimu rasmi, kisha jenga orodha yako mwenyewe: tembea mtaa mzima, andika kila nyumba ya ibada, pamoja na zisizo na kibao, kama kanisa la sebuleni na madrasa ya barazani. Orodha ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, itakupa zilizosajiliwa. Wadhamini wa taasisi hizo utawapata RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Lakini ndogondogo huzioni huko. Kaya zichukue kwenye daftari la serikali ya mtaa. Zikiwa 480 nawe unataka 60, ruka nane nane, ukianza na namba iliyopatikana kwa bahati nasibu kati ya 1 na 8.

Majira usiyapuuze. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko wa kawaida, kwa hiyo "Machi" ya mwaka huu na "Machi" ya miaka mitatu iliyopita si mwezi mmoja kwa utoaji. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na Ramadhani ikaingia siku hizohizo. Atakayekusanya data miezi hiyo peke yake atapata nchi yenye ukarimu wa ajabu. Fanya awamu mbili, moja ndani ya mfungo na nyingine mbali nao, na weka Januari akilini, mwezi wa ada za shule. Kwa sadaka ndogo uliza siku 30 zilizopita. Kwa misaada mikubwa, miezi 12.

Hospitali za dini zinahitaji uangalifu wa pekee. Serikali na makanisa walitia saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii mwaka 1992, mwaka ambao CSSC, tume ya makanisa ya huduma za jamii, ilianzishwa, na hospitali kadhaa za makanisa zinafanya kazi kama hospitali teule za wilaya. Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, zote za mwaka 1971, zina mizizi ya kanisa lakini wapo watumishi wanaolipwa na serikali. Ukimhesabu kila mgonjwa kuwa "mchango wa kanisa" umechukua kodi ya Watanzania ukaiita sadaka. Tenganisha vyanzo vinne: majengo na vifaa, mishahara, dawa, na malipo ya wagonjwa wenyewe. Jua pia kwamba makubaliano yale yamekuwa hoja ya malalamiko ya Waislamu kwa miaka mingi. Swali lililoandikwa kizembe litakufanya uonekane umetumwa na upande mmoja.

Kwa Zanzibar, kitu cha kutazama ni wakfu, yaani mali iliyofungwa kidini isiuzwe ili faida yake inufaishe waliotajwa, ambao una Kamisheni yake ya serikali. Tofautisha wakfu wa kizazi, unaonufaisha ukoo, na wa heri, unaonufaisha msikiti, kisima au masikini. Kumbukumbu za zamani nyingi ni za Kiarabu, zipo Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Mapinduzi ya 1964 na utaifishaji uliofuata vilibadilisha umiliki wa nyumba nyingi, kwa hiyo maswali kuhusu nyumba ya Mji Mkongwe yanaweza kusikika kama dai la urithi. Jieleze kabla hujauliza.

Karatasi

Mwanafunzi wa chuo cha ndani huanza na barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata, mtaa au kijiji. Mtafiti wa nje hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Ukigusa afya ya watu, kuna kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Zanzibar ina utaratibu wake. Barua ya Bara pekee haitakufikisha kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia. Kila ofisi inabaki na nakala, kwa hiyo toa nakala nyingi kuliko unavyodhani zinatosha.

Muhuri wa serikali haufungui mlango wa ibada. Kwa Wakatoliki anza na ofisi ya jimbo, ndipo parokia. Kwa KKKT (Walutheri) dayosisi, ndipo jimbo na usharika (angalia, "jimbo" hapa si lile la Kikatoliki, jedwali lako lisiyachanganye). BAKWATA, baraza kuu la Waislamu lililoanzishwa 1968, itakupa barua ya shehe wa wilaya, lakini haiwasemei Waislamu wote: Mashia wa Ithnaasheri, Bohora na Ismailia wana jumuiya zao, na misikiti ya Ansar Sunna inaweza kuikataa barua hiyohiyo. Huko nenda kwa kamati ya msikiti moja kwa moja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti. Kwa hiyo ufunguo wa namba za siri, yaani orodha ya M01 ni nani, uuweke mbali na data, usitumwe WhatsApp, na ufutwe ukimaliza. Ridhaa ya kusaini huwatisha wengi, hasa waliowahi kusainishwa karatasi za mikopo au viwanja. Ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi inakubalika ikiwa umeiombea kibali mapema kwenye kamati ya maadili, si baada ya kurudi.

Posho ya mhojiwa, kama ipo, ilipwe kwa kaya na iwe sawa kwa wote. Usiiache msikitini wala kanisani wakati bado unakusanya data, maana siku hiyohiyo umekuwa mmoja wa wafadhili unaowatafiti, na jina lako litaandikwa kwenye daftari.