Acha kukariri kanji moja moja

Miezi sita ya mwanzo ya kujifunza Kijapani nilikariri kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha: herufi huku, maana kule. Nilipofikisha mia tatu nikafungua hadithi fupi kwa mbwembwe. Mstari wa kwanza tu, nikakwama.

Kosa langu ni kudhani kanji ina sauti moja. Chukua 日. Katika 日曜日, yaani Jumapili, imo mara mbili: ya kwanza husomwa “nichi”, ya mwisho “bi”. Katika 今日, leo, huwezi hata kuitenga, maana neno zima ni “kyō”. Kwa hiyo jifunze neno, tena ndani ya sentensi fupi, na kanji zitakuingia zenyewe. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136. Usijaribu kuipanda kama ngazi.

Hiragana na katakana, zile herufi za Kijapani za silabi ziitwazo kwa pamoja kana, zina alama 46 za msingi kila moja. Mimi zilinichukua wiki mbili. Ukishazijua, achana na herufi za Kilatini. Hapa Mswahili ana bahati, kwani irabu ni zile zile tano, na katakana huyavisha maneno ya kigeni irabu kama tufanyavyo sisi: hoteli kwao ni “hoteru”, basi ni “basu”. Soma kwa sauti, mara nyingi neno litajitambulisha.

Sarufi ndiyo iliyonitoa jasho. Ukisema “sikula”, ukanushi umeshajitokeza mwanzoni. Wajapani huuweka mkiani: “niku wa tabemasen deshita”, nyama sikula. Nilikuwa nikitafsiri neno kwa neno, nafika mwisho nagundua nimeelewa kinyume. Sasa sentensi ikiwa ndefu naanza na kitenzi cha mwisho, kisha narudi kutafuta vijineno “ga”, kinachofuata mtenda, na “o”, kinachofuata mtendwa, nijue nani kamtenda nani. Ni gongo la kutembelea, nakubali, lakini lilinivusha.

Tafuta maandishi yenye furigana, zile kana ndogo juu au kando ya kanji zinazoonyesha matamshi. Manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, nyingi za vijana zinazo. Hadithi za watoto zenye hiragana tupu nilidhani ni mteremko. Wapi! Bila kanji, “hashi” yaweza kuwa daraja, vijiti vya kulia au ukingo. Mimi husoma kurasa mbili kwa siku, na kamusi naifungua neno likijirudia mara ya tatu.