Anza na mfuko wa sokoni, kisha foronya

Anayetaka kujifunza kushona nyumbani, mimi humwambia asianze na gauni. Gauni lina mabega, makwapa na kiuno, na kila kimoja kinadai ufundi wake. Aanze na vitu vya mishono iliyonyooka vinavyohitajika kila siku. Hapa Kigoma, cha kwanza kwangu ni mfuko wa sokoni. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila anayekwenda soko la Mwanga au la Kibirizi anahitaji cha kubebea, na mfuko wa kitenge ulioshonwa vizuri hufuliwa ukarudi kazini.

Kwa vitenge tumejaliwa, vingi vinatufikia kutoka Kongo na Burundi. Ila rangi isikuteke kabla hujajua kitambaa ni cha nyuzi gani. Chomoa nyuzi chache pembeni, uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu laini lenye harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka ikaacha tone gumu. Mimi nachukua pamba, kisha naifua, naianika na kuipiga pasi kabla mkasi haujagusa chochote, kwa sababu pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza. Tafadhali usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka.

Kata kipande kimoja cha sm 48 kwa 96. Kikunje katikati, mkunjo uwe chini, ili kitako kisiwe na mshono wa kuachia. Shona mbavu mbili, kisha kunja pindo la mdomo mara mbili. Bana kila pembe ya chini iwe pembetatu na ushone kuikata kwa upana wa sm 10; mfuko utapata kitako na kusimama wenyewe. Mishikio ni mikanda miwili ya sm 10 kwa 65, kila mmoja ukunjwe uwe tabaka nne. Inapokutana na mfuko, shona mraba mdogo na ndani yake upige msalaba. Hapo ndipo mzigo wote unapovuta, kwa hiyo usibanie uzi. Mchele na dagaa wakavu vitakaa vizuri humo. Samaki wabichi kama migebuka watafutie ndoo.

Huna cherehani? Shona kwa mkono, kila hatua sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Inachukua muda, lakini mshono huo ni imara.

Zawadi ninayoipenda kuliko zote ni foronya za khanga kwa bibi harusi. Doti moja inatoa jozi kamili. Khanga moja ina takribani sm 150 kwa 110, na foronya ya mto wa sm 50 kwa 75 inaenea vizuri. Pima sm 53 kutoka ukingo wenye jina, yaani yale maandishi ya khanga, kwenda juu, ukate utepe huo mrefu, kisha katikati yake utoe kipande cha sm 78, jina likae sawasawa. Huo ndio uso. Upande wa juu uliobaki utoe vipande viwili vya mgongo vyenye kimo cha sm 53, kimoja urefu wa sm 60, kingine 45. Kunja pindo la ukingo mmoja wa kila kipande, halafu pindo hizo zilaliane katikati ya mgongo. Mto unaingia humo kama barua kwenye bahasha, zipu haihitajiki. Jina lenyewe lichague kwa makini: khanga nyingi zina vijembe, na kijembe hakifai kulaliwa na maharusi. Tafuta lenye dua au heri.

Usiache nyuzi zikining'inia ndani, kwani mpokeaji atageuza foronya siku ya kufua. Bila overloki, ile mashine ya kufunga kingo zisichomoke nyuzi, shona kwanza nyuso za nje zikiwa nje, punguza kingo, geuza, ushone tena ili ncha zifichwe ndani ya mshono.

Vipande vinavyobaki natengeneza vishikio vya sufuria: miraba miwili ya sm 20, taulo chakavu katikati, kingo zikishonwa pande zote. Hapo pamba tupu tu, poliesta ikigusa sufuria ya moto itayeyuka mkononi.