Maswali ya Wasomaji: Sokwe Anapomfariji Mwenzake

SWALI: Nasomea uongozaji watalii. Tunafundishwa kwamba sokwe wana huruma na kila mmoja ana tabia yake. Mwenzangu anasema hizo ni porojo za kuwafurahisha wageni, mnyama ni mnyama tu. Nikidaiwa ushahidi nijibu nini? – Msomaji, Moshi

JIBU: Ushahidi upo, ila usitegemee kisa kimoja, mgeni mjuaji atakuumbua. Anza na jinsi inavyopimwa.

Sokwe wakishapigana, mtafiti humfuatilia aliyepigwa kwa dakika 10 hivi, akiandika nani amemsogelea na amefanya nini: kumkumbatia, kumshika bega, kumchambua manyoya. Siku nyingine, saa ileile, humfuatilia sokwe yuleyule kwa muda uleule pasipo ugomvi. Ukiiruka hatua hii ya pili umeharibu kazi yote, maana sokwe hukumbatiana na kuchambuana hata siku za amani. Wenzake wasiohusika wakimjia mapema zaidi baada ya kipigo kuliko siku ya kawaida, huko ndiko kufariji. Mtafiti wa tabia za wanyama Frans de Waal na mwenzake waliliandika jambo hili mwaka 1979, kwa sokwe wa bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi. Je, anayefarijiwa hutulia kweli? Hesabu anavyojikuna. Sokwe mwenye wasiwasi hujikuna mno, na utafiti wa bustani ya Chester, Uingereza, uliotoka 2008, ulionyesha kwamba akifarijiwa hupunguza.

Kuhusu tabia, ushahidi uko hapahapa nchini, tena kwa lugha yetu. Katika hifadhi ya Gombe, Kigoma, wasaidizi wa utafiti Watanzania, ambao kazi yao ni kushinda porini na sokwe, walipewa dodoso la Kiswahili lenye sifa 24, wakatoa alama 1 hadi 7 kwa kila sifa. Sokwe waliopimwa ni 128. Matokeo yalichapishwa 2017. Alama ya mtu mmoja si kitu. Cha kuangalia ni kama wapimaji wanaafikiana bila kuulizana, na kwa jumla waliafikiana.

Ukishasema hayo, kisa ruksa. Mwaka 1987, Mel, yatima wa miaka kama 3 pale Gombe, alichukuliwa na Spindle, dume la miaka 12 ambalo si ndugu yake. Lilimbeba mgongoni na kulala naye kiota kimoja. Lakini usiwafanye malaika: kati ya 1974 na 1978 madume wa Gombe waliwaua majirani waliowahi kuishi nao kundi moja.

SWALI: Nina kalenda yenye sokwe aliyekenua meno yote. Anacheka? – Msomaji, Arusha

JIBU: Hapana. Kukenua hivyo mara nyingi ni woga, au amefunzwa kwa ajili ya kamera. Sokwe anayecheza huachama, taya ya chini ikining'inia na mdomo wa juu ukifunika meno ya juu. Kicheko chenyewe ni kuhema harakaharaka.